Jeni Haiwezi Kunyamazishwa Kabla ya Kujulikana

Mama yangu mdogo alichukuliwa kinyama cha titi katika hospitali moja hapa Dar es Salaam, akasubiri majibu kwa wiki saba, na yalipotoka yalisema tu kwamba ni saratani, bila kutaja ni ya aina gani. Ndiyo maana kila ninaposoma habari za tiba za RNA (molekuli inayobeba ujumbe wa jeni ndani ya seli) zinazonyamazisha jeni, furaha yangu huchanganyika na uchungu.

Tiba hizi zina msingi imara. Mwaka 1998 Andrew Fire, Craig Mello na wenzao walionyesha, kwa kutumia minyoo midogo, kwamba RNA yenye nyuzi mbili huifanya seli iharibu ujumbe wa jeni inayolingana nayo, hivyo protini ya jeni hiyo isitengenezwe. Wawili hao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2006. Jeni haikatwi wala haibadilishwi, ila agizo lake halifiki. Dawa ya kwanza ya namna hii, patisiran, iliidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa ugonjwa wa kurithi unaoharibu mishipa ya fahamu, nayo hufanya kazi yake ndani ya ini.

Ini hupokea dawa hizi kwa wepesi, lakini uvimbe wa titi haupokei hivyo. RNA isiyokingwa hukatwakatwa na vimeng'enya vya damu, na hata ile inayoingia ndani ya seli ya saratani, sehemu kubwa hunaswa katika vifuko vya seli na kuishia humo. Hadi sasa hakuna dawa ya kundi hili iliyoidhinishwa kwa saratani ya matiti, na anayemuuzia mgonjwa tumaini hilo leo anamdhulumu.

Hata hivyo, vikwazo hivyo vikiondolewa kesho, sisi tutakuwa wapi? Dawa inayolenga jeni moja haimfai mgonjwa ambaye uvimbe wake haukupimwa, kama ambavyo trastuzumab, dawa inayolenga protini ya seli iitwayo HER2, haimfai asiyejulikana kama uvimbe wake una HER2 nyingi. Saratani ya titi isiyo na vipokezi vya homoni (protini za seli zinazopokea homoni) wala HER2 nyingi, ambayo huwapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika, ndiyo inayohitaji shabaha mpya kuliko zote. Kwa hiyo ningependa kila kinyama kinachochukuliwa nchini kipimwe vipokezi kwa wakati, na wagonjwa wa Taasisi ya Saratani Ocean Road wawemo katika majaribio ya dawa hizo tangu mwanzo.

Mama mdogo aliletewa majibu ya vipokezi vyake akiwa amekwisha kumaliza dripu zote.