Amarone Ibaki Chungu

Jina la Amarone limetokana na neno la Kiitaliano amaro, yaani chungu, na kwa maoni yangu ubishi wote kuhusu mvinyo huu ungeanzia hapo. Chupa nyingi ninazokutana nazo siku hizi zina utamu unaoganda ulimini, nao watu huzisifu kwamba ni laini. Mimi naona hasara.

Mvinyo huu hutoka Valpolicella, vilima vilivyo kaskazini ya mji wa Verona, Italia, na hautengenezwi kwa zabibu mbichi. Vichala vya zabibu za aina ya Corvina, Corvinone na Rondinella huchumwa kwa mkono, huchaguliwa vile ambavyo punje zake hazikubanana ili hewa ipite, kisha hutandazwa safu moja darini juu ya chanja za matete ziitwazo arele, ambazo zamani zilitumika pia kufugia viwavi wa hariri. Hukaa huko siku 100 hivi, wakati mwingine zaidi, madirisha yakifunguliwa upepo mkavu unapovuma na kufungwa ukungu unapotanda, huku mtu akipita mara kwa mara kuziondoa punje zilizoota kuvu. Kanuni inakataza kuzikamua kabla ya tarehe 1 Desemba. Kufikia Januari zimepoteza theluthi ya uzito wake au zaidi, na ganda limekunjamana kama zabibu ya pilau, ila ukiibinya punje, ndani bado mna utomvu unaonata vidoleni. Hata msomaji asiyegusa kileo ataelewa hapo kuna kazi ya kiasi gani.

Kwa karne nyingi zabibu hizo zilitoa mvinyo mtamu. Cassiodorus, aliyekuwa waziri wa mfalme Theodoric katika karne ya 6, aliusifu mvinyo wa Verona wa zabibu zilizokaushwa, ulioitwa acinaticum, na mrithi wake ni Recioto ya leo. Amarone ni Recioto iliyoachwa ichache mpaka hamira ikaimaliza karibu sukari yote. Inasimuliwa kwamba mwaka 1936, katika chama cha ushirika cha wakulima huko Negrar, pipa moja la Recioto lilisahauliwa, na msimamizi wa ghala, Adelino Lucchese, alipolionja akakuta utamu umekwisha na umebaki uchungu wa fahari. Sijali sana kama kisa hicho kilitokea hivyo hasa. Ninachopenda ni kwamba wenyeji walichagua kujivunia uchungu, wasiufiche.

Wapo wanaolalamika kwamba dari za zamani zimegeuzwa vyumba vyenye feni na mashine za kunyonya unyevu. Sikubaliani nao, kwa sababu feni huziokoa zabibu zisioze mwaka wenye mvua, na urithi wa kazi hii ni ule uvumilivu, si dirisha. Tatizo liko sokoni. Tangu Amarone ipewe DOCG, daraja la juu kabisa la mvinyo wa Italia, mwaka 2010, jina lake limezidi kuwa biashara, na kila mkulima anatamani kuanika mavuno mengi iwezekanavyo. Kanuni inaruhusu kuanika hadi asilimia 65 ya mavuno, nayo jumuiya ya wazalishaji imelazimika kukishusha kiwango hicho katika miaka ya karibuni. Wamefanya vyema, nami ningewaunga mkono hata wangekishusha zaidi.

Sukari ndiyo inayonikera. Mvinyo wenye kilevi cha asilimia 15 au 16 huficha makosa mengi ukiachiwa utamu kidogo, na mnywaji mgeni haraka huona ameletewa kitu cha anasa. Anayetaka utamu, Recioto ipo, nayo hutoka kwenye chanja zilezile. Amarone niipendayo hunukia cheri iliyokauka na tumbaku, hujaza kinywa kana kwamba itakuwa tamu, halafu, unapokwisha kuimeza, huacha uchungu mwembamba kama wa ganda la lozi, unaokufanya uurudie mkate.