Makopa ya Nini? Andikeni Majina

Wiki iliyopita mtu katuma picha ya zamani kwenye grupu la familia. Wanawake watano, wawili wameketi, watatu wamesimama, nyuma yao lile pazia la studio lenye minazi ya kuchora. Chini kaandika: "Nani anawajua hawa?" Majibu yakamiminika. Emoji za makopa. Mikono ya dua. "Mashaallah." "Ya kale dhahabu." Binamu mmoja aliyeko Muscat akaiweka status kabisa. Jina, hata moja halikutajwa. Na hao watano, kwa vyovyote vile, ni bibi zetu.

Nilipandwa na hasira nikaweka simu kando nisije nikaandika neno la kuombewa radhi Idi ijayo.

Mimi ni katika wale wanaowachosha ndugu zao kwa habari ya kitabu cha picha cha familia, kile cha kuchapwa, chenye kurasa za kufunua. Kila nikikitaja najibiwa kwamba picha zote zipo kwenye simu. Sawa, zipo. Simu zinaibwa kwenye daladala na zinatumbukia baharini. Google waliacha kuhifadhi picha bure bila kikomo Juni 2021, na tangu mwishoni mwa 2023 wanafuta akaunti ambayo haijaguswa kwa miaka miwili. Marehemu haingii kwenye akaunti yake. Hayo nayaacha hapo, kwa sababu hata simu zingedumu milele, ugomvi wangu ungebaki palepale: picha isiyo na jina.

Ingieni hoteli za Mji Mkongwe kule Unguja mtazame kuta. Kina mama wa miaka hiyo, wamepigwa kwa taa nzuri, wamewekwa kwenye fremu za mbao juu ya meza ya mapokezi. Bibi wa mtu amekuwa pambo. Mpiga picha tunaweza kumtaja: Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na Mombasa watu walijipamba wakaenda kwa Parekh. Ni haki yao kujulikana, walikuwa mafundi. Aliyeketi kwenye kiti je? Tazama kadi za posta za mwanzoni mwa karne ya 20: chini ya uso wa mtu mzima, mwenye wazazi na ukoo, pameandikwa "mwanamke Mswahili", basi. Tunaziona tunasonya. Lakini yule wa kadi ya posta alikuwa na kisingizio, hakumjua huyo mama na hakuwa na haja ya kumjua. Sisi kisingizio chetu nini? Damu yetu, na bado tunaandika "ya kale dhahabu".

Wazee wenyewe hawakuwa hivyo. Mkanda ulikuwa na picha 36, ukiisha umeisha, kisha mpaka apatikane mtu wa kwenda mjini kuusafishisha. Picha ikirudi ilikuwa kitu. Ilitumwa kwa barua, na nyuma imeandikwa kwa mwandiko wa kujitahidi: pokea picha yangu iwe ukumbusho, pakafuata jina, mahali na tarehe. Mtu aliyesoma darasa la nne alijua kwamba picha peke yake haisemi. Sisi wenye digrii tuna picha elfu kumi za sahani za pilau na hatujui nani alilipika.

Jumamosi nikaichapa ile picha kwa ukubwa wa A4, nikampelekea shangazi Pangani. Akaagiza miwani. Nilidhani ataangalia nyuso, kumbe akaanza na kanga. Hii ilitoka Unguja, mumewe ndiye aliyeileta, na huyu hapa aliiazima kwa siku ile tu kwa sababu yake ilikuwa imeloa. Nyuso zikafuata kanga. Akanitajia wanne, kwa majina yao na ya baba zao, na nani alikuja kuolewa Korogwe na nani alikuwa na sauti ya kaswida mpaka wanaume wakisimama njiani. Picha ilipigwa siku ya Idi, baada ya sala, kabla ya kwenda kutembea. Nilikuwa nimewasha kinasa sauti cha simu (naam, simu ina kazi zake). Tukafika kwa wa tano, yule wa kati aliyeinamisha kichwa kidogo.

"Huyo msimwandike."

Nikauliza kwa nini shangazi. Akaniambia nikautazame wali.

Sasa mniambie, programu gani ya simu ingenipa hilo? Kwenye kitabu nimeandika majina manne, na la tano nimeandika: "Shangazi hakutaka kumtaja." Dada yangu anasema nifute, nitaleta maneno. Sifuti. Wajukuu watakaosoma watajua angalau kwamba palikuwa na jambo, na mwenye bidii atakwenda kuuliza kwa upande wa pili wa ukoo.

Kuna hoja moja nakubali, shingo upande. Wako ndugu wasiopenda picha za marehemu kutundikwa ukutani, na siwezi kubishana nao dini yao. Wako pia kina mama waliopigwa zamani wakiwa wazi vichwa, ndani kwa ndani, na hawataki vijana wa mtaa wawaone. Haya, ndiyo maana nasema kitabu. Kitabu kinafungwa, kinawekwa kabatini, anayekifungua amekaribishwa kwenye mkeka. Ile picha iliyowekwa status Muscat imeonwa na fundi wa AC na watu wote waliowahi kumuuzia gari.

Vitabu vya picha tunavyo tayari, msinidanganye kwamba hatuvijui. Nani hana kile cha harusi, kizito kama tofali, sandukuni mwake? Kurasa arobaini za bwana na bibi harusi wakitazama upande mmoja, na yule mzee aliyetoka kijijini kwa basi la usiku kuja kutoa mkono yumo kwenye picha moja, amekatwa bega, hana jina. Send-off nayo ina chake. Siku ya kawaida, bibi akichambua mchele, haina hata ukurasa.

Mambo ya ufundi ni machache. Msiitume picha kama picha kwenye WhatsApp, inabanwa inapoteza ubora. Itumeni kama dokumenti. Piteni steshenari mkaiskani, acheni kuipiga kwa simu chini ya taa. Zile albamu zenye kurasa za gundi na nailoni juu zinakula picha, zitoeni sasa kabla hazijaganda kabisa, na zile za rangi za miaka ya sabini zilizokwisha geuka nyekundu ziwe za kwanza. Na jamani, msilamineti picha halisi.

Nakala ziwe nyingi. Albamu moja ikikaa kwa mkubwa mmoja, siku akiondoka inagombewa kama kiwanja, au inatupwa na mpangaji. Kila mtoto wa bibi apate yake, na moja iende Pangani hata kama mwenyewe ameinunia. Kamati zetu zinachangisha mamilioni kwa ukumbi wa usiku mmoja, kwa hiyo msiniambie hakuna hela. Mweka hazina awe mtu mwingine, mimi nimeshachukiwa vya kutosha. Itachapwa karatasi ya kawaida, itabaindiwa steshenari, na anayetaka jalada la ngozi lenye maandishi ya dhahabu aongeze hela yake.