Baiskeli za Changarawe Nyuma ya Malindi: Msitu Utapata Nini?

Utalii wa Malindi umeegemea bahari kwa muda mrefu, kiasi kwamba mgeni aweza kukaa wiki mbili akarudi kwao bila kujua kwamba nyuma ya mji kuna nchi ya vilima na misitu. Kwa hiyo wazo la kuifungua nchi hiyo kwa waendesha baiskeli za changarawe, kuanzia msitu wa Arabuko-Sokoke upande wa kusini hadi Marafa na misitu ya Dakatcha kaskazini ya Mto Sabaki, linastahili kupimwa kwa makini badala ya kupokewa kwa shangwe au kukataliwa kwa hofu. Mimi naliunga mkono, lakini kwa masharti ambayo baadhi ya wapenzi wa mchezo huu hawatayafurahia.

Baiskeli yenyewe ina usukani uliopinda kama wa baiskeli ya mashindano ya lami, ila tairi zake ni pana, milimita 40 hivi, na zina meno ya kushika vumbi na kokoto. Mchezo ulikulia katika barabara za mashambani za Marekani, na mashindano yake mashuhuri zaidi yamekuwa yakifanyika Emporia, Kansas, tangu mwaka 2006. Mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia yalifanyika Italia mwaka 2022, jambo ambalo Malindi haina budi kulitazama, kwa sababu Waitaliano ndio wageni ambao mji huu umewazoea kwa miongo mingi. Kenya nayo si ngeni katika mchezo huu, kwani tangu mwaka 2021 mashindano ya siku nne yamekuwa yakifanyika katika eneo la Mara, na waendeshaji wetu wanajulikana ng'ambo.

Ardhi ya nyuma ya Malindi inafaa. Ukivuka daraja la Sabaki na kupanda kuelekea Marafa, barabara hushuka mabondeni na kupanda tena katikati ya mashamba ya mahindi, mikorosho na vichaka, hadi ukingo wa Nyari, ambako mmomonyoko umechonga korongo la minara ya udongo mwekundu, wa waridi na mweupe. Kusini, Arabuko-Sokoke ina ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, nao ndio msitu mkavu wa pwani mkubwa kuliko yote iliyosalia Afrika Mashariki. Humo ardhi hubadilika chini ya tairi: penye miti ya mirihi, mchanga ni mweupe na laini, tairi ya mbele huzama na usukani hukataa kutii mpaka upepo wa tairi upunguzwe; mbele kidogo udongo huwa mwekundu na mgumu, unaokimbiza baiskeli vizuri wakati wa kiangazi, lakini mvua ya masika ikinyesha hunata kwenye breki na fremu hadi gurudumu lisizunguke.

Wanaounga mkono husema kwamba baiskeli haina moshi wala kishindo, haihitaji hoteli kubwa, na humpeleka mgeni mwenye fedha hadi vijiji ambavyo basi la watalii halisimami. Huongeza kwamba msitu unaopitiwa na watu kila siku ni mgumu kuibiwa, kwa kuwa anayekata mti wa muhuhu au anayetega paa hapendi mashahidi. Hoja hii ya mwisho ni dhaifu kuliko inavyosikika. Mwizi wa magogo huchagua saa yake na huacha njia kuu, ilhali mwendeshaji hupita mchana, macho yakiwa kwenye mashimo yaliyo mbele yake. Hoja ya fedha ina uzito zaidi, na ndiyo inayohitaji kupekuliwa.

Hapa tuna kipimo cha nyumbani. Mradi wa Kipepeo pale Gede, ulioanza mwaka 1993 chini ya Makumbusho ya Kitaifa, hununua kutoka kwa wakulima wanaopakana na Arabuko-Sokoke pupa za vipepeo, yaani vipepeo wakiwa bado ndani ya ganda, na kuziuza ng'ambo. Mkulima hulipwa kwa anachokileta, na hawezi kukileta ikiwa msitu unaowalea vipepeo hao umekwisha. Fedha huingia katika kaya yake, na sababu ya kuingia ni mti uliosimama. Ukiipima safari ya baiskeli kwa kipimo hicho, upungufu wake huonekana mara moja. Mgeni humlipa mwandaaji wa safari aliye mjini, hulala ufukweni, hula chakula alichobebewa kwenye gari linalomfuata, na Marafa huambulia bei ya soda na chupa ya maji. Ada ya kuingia msitu wa serikali ni halali, lakini haifiki kwa mama wa Dakatcha anayeamua leo kama shamba lake lililobaki na miti litachomwa makaa au litalimwa mananasi.

Dakatcha ndiyo sehemu ngumu zaidi ya mjadala huu. Tofauti na Arabuko-Sokoke, sehemu kubwa yake haina ulinzi wa hifadhi ya serikali. Ni ardhi ya jamii na ya watu binafsi. Mnana wa Clarke, ndege asiyepatikana popote duniani isipokuwa Kaunti ya Kilifi, hutaga humo katika mabwawa ya msimu. Kwa hali hiyo, matumizi yoyote yanayoipa miti ya Dakatcha thamani ikiwa imesimama ni ya kutafutwa kwa bidii, na baiskeli ingeweza kuwa mojawapo. Ingekuwa hivyo iwapo kila safari ingelipa ada kwa kamati ya kijiji kinachopitiwa, kwa mkataba unaotaja msitu upi hautakatwa, na iwapo waongozaji, chakula na malazi vingetoka hukohuko. Bila mkataba wa namna hiyo, msitu utakuwa mandhari ya picha tu, huku makaa yakiendelea kutoka.

Madhara kwa viumbe yapo pia, ingawa si sawa kila mahali. Sange wa Arabuko-Sokoke, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu na manyoya ya dhahabu kiunoni, hutembea mchana na hujenga kiota chake ardhini kwa majani makavu. Njia ya gari iliyokwisha kuwepo haimdhuru zaidi, lakini vijia vipya ambavyo waendeshaji hupenda kujifungulia vitakata hapohapo anapolala. Tembo ni jambo jingine. Gari humwarifu kwa mngurumo, ilhali baiskeli humfikia kimya kwenye kona, na wa kuumia hapo ni mwendeshaji. Kwa maoni yangu, ndani ya msitu huo baiskeli zibaki kwenye njia chache za magari, zikiongozwa na askari wa msitu au mwongozaji wa jamii, na mashindano yasifanyike humo kabisa. Mwendo wa kasi kwenye changarawe una gharama yake hata pasipo na tembo: mwezi Agosti 2022 Suleiman Kangangi, mmoja wa waendeshaji bora wa Kenya, alianguka na kufariki katika mashindano ya changarawe huko Vermont, Marekani.

Kuna hatari ambayo sijasikia ikizingatiwa vya kutosha. Waendeshaji hawa hurekodi njia zao kwa simu na saa, kisha huziweka wazi mtandaoni, kila kona na kila kituo. Kwa miongo mingi vigango, zile nguzo za kuchongwa ambazo Wagiriama huwasimamishia wazee wao waliofariki, vimeibwa mashambani na kuuzwa nje, na baadhi ya majumba ya makumbusho ya Marekani yamevirudisha. Ramani inayomfikisha mgeni mwema kwenye boma lenye vigango itamfikisha mwizi pia. Wenye maboma waulizwe kwanza, na njia itakayokubaliwa isipite wala kuonyesha pale ambapo wazee wamekataza.

Tusisahau kwamba baiskeli si ngeni katika barabara hizi. Mtu wa Magarini, eneo lenye Marafa, anayepeleka makaa sokoni huipakia baiskeli ile nyeusi ya mizigo magunia juu ya karia iliyoongezwa vyuma, hufunga fimbo kwenye usukani ili aweze kuisukuma akiwa pembeni, na hupanda kilima kwa miguu, hatua kwa hatua, akiegemeza bega kwenye mzigo. Kumfungia barabara asubuhi nzima kwa ajili ya mashindano ni kumnyima riziki ya siku. Fundi wa kijijini, ambaye ana gundi, viraka na spoki za baiskeli hiyo nyeusi, ndiye wa kwanza kupewa mafunzo na vipuri vya baiskeli za wageni, kabla ya kuleta fundi kutoka Nairobi.

Mgongano mkubwa kuliko yote uko kwenye barabara yenyewe. Mchezo huu unataka vumbi na kokoto vibaki, na nimewasikia watu wema wakilalamika kwamba lami inaharibu njia nzuri. Mkazi anayempeleka mkewe mwenye uchungu wa kuzaa hospitali ya Malindi usiku wa mvua hawezi kuelewa malalamiko hayo, wala hapaswi kuelezwa. Mpango wowote wa utalii wa baiskeli uandikwe tangu mwanzo kwamba hautapinga lami popote wananchi wanapoiomba, na kwamba ikifika, safari zitahamishiwa kwenye vijia vya mashamba kwa idhini ya wenye mashamba, nao walipwe.