Kuchanganya si kuchakachua

Nikimwambia mtu wa nyumbani kwamba Frascati, waini nyeupe ya Italia, ni ya zabibu za kuchanganya, ananitazama kama muuza dizeli aliyetia mafuta ya taa. Neno "kuchanganya" limeshaharibika kwetu. Likigusa kitu cha kunywa, watu wanasikia kuchakachua.

Frascati inatoka kwenye vilima vya Castelli Romani, kusini-mashariki mwa Roma, ardhi iliyotokana na volkano. Kanuni zake zinataka angalau asilimia 70 ya zabibu ziwe Malvasia: ile ya Candia, inayozaa sana, na ile ya Lazio, wanayoiita puntinata kwa sababu ya vidoa kwenye ganda. Sehemu iliyobaki inaweza kuwa Trebbiano, Bellone, Bombino au Greco. Malvasia inaleta harufu na unono, lakini inachoka haraka ikipigwa na hewa. Trebbiano puani haina la kusema, ila uchachu wake unaamsha ulimi. Anayepika mgagani pamoja na mchicha amemdanganya nani?

Kilichoiharibia Frascati jina ni uzembe. Soko la Roma liko mlangoni. Reli ya kwenda mji wa Frascati ilifunguliwa mwaka 1856, enzi Papa bado anatawala nchi. Mnywaji akiwa karibu hivyo, na watalii hawakosekani, kuna watakaouza chochote. Nimewahi kuletewa jagi la "Frascati" baridi mpaka meno yakauma. Nikaliacha mezani. Ubaridi ulipopungua, nikagundua hakukuwa na kitu ndani, ni ule ubaridi tu ulikuwa unasitiri. Siku hizi natafuta chupa iliyoandikwa Superiore, yenye hadhi ya DOCG, daraja la juu kabisa la waini za Italia, tangu 2011, na naitoa kwenye friji kama robo saa kabla ya kula.

Sasa chakula. Ile kanuni ya nyeupe kwa samaki na nyekundu kwa nyama, mimi niliizika Ariccia. Ni mji wa jirani, na sifa yake ni porchetta: nguruwe mzima aliyetolewa mifupa, akasuguliwa chumvi, pilipili manga, kitunguu saumu na rozimari, akafungwa kwa kamba na kuokwa hadi ngozi inalia kwa meno. Kitimoto cha heshima. Unakila kwenye fraschetta, ambayo kwa kweli ni kilabu. Zamani mwenye nyumba alitundika tawi mlangoni kutangaza waini mpya. Yeye aliuza kinywaji, chakula mteja alikuja nacho amekifunga kwenye karatasi. Kipande cha kwanza mafuta yanatanda mdomoni, funda moja la Frascati linayasuuza, mkono unarudi kwenye sahani wenyewe. Nyekundu nzito hapo ingeongeza mzigo juu ya mzigo.

Tambi za carbonara, zenye yai na shavu la nguruwe, nazo zinaikubali kwa sababu hiyohiyo. Samaki wa kukaanga, sawa, sina ugomvi. Pilau hapana: nilijaribu, karafuu ikaimeza yote.

Ila nikiambiwa nichague siku moja tu, ni Mei mosi. Warumi wanatoka kwenda mashambani na maharage mapana mabichi bado ndani ya maganda, na pecorino, jibini la maziwa ya kondoo. Unamenya, unakata kipande, unatafuna pamoja: umajani, chumvi, ukakasi kidogo. Hakuna moto wala sufuria, na hakuna waini nyingine ninayoitaka hapo.

Mwishoni huja ciambelline, vibiskuti vya mviringo vilivyokandwa kwa waini, vikavu vya kuchosha taya. Mara ya kwanza nilikitafuna hivyohivyo. Mzee wa meza ya jirani akatikisa kichwa, akachukua cha kwake, akakizamisha kwenye glasi na kukiacha humo kwa muda mrefu kuliko mimi ningevumilia.