Upepo Mkali Ukija: Ubaki Ndani au Utoke Nje?

Kila mwaka mvua za kwanza zinapoanza Nyanda za Juu Kusini, kwenye Novemba hivi, mabishano yale yale hurudi. Upepo umeezua paa la darasa au nyumba kadhaa, picha za mabati yaliyojikunja zinasambaa kwenye makundi ya WhatsApp, na watu wanagawanyika. Wapo wanaosema upepo ukianza toka nje haraka, ukuta usije ukakuangukia. Wapo wanaosema kaa ndani, funga mlango, huko nje kuna bati linaruka na radi inapiga. Kila upande una mfano wa mtu aliyepona kwa kufanya hivyo hivyo. Naona pande zote mbili zimeshika kipande cha ukweli, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu ushauri unaomwokoa mtu kwenye nyumba moja unaweza kumuua jirani yake wa ukuta wa pili.

Mahali watu wanapofia kwenye upepo mkali pamechunguzwa zaidi Marekani, kwa kuwa nchi hiyo hupigwa na tonado zaidi ya 1,000 kwa mwaka. Tonado ni upepo unaozunguka kwa nguvu kutoka kwenye wingu la radi hadi ardhini. Unaweza kufagia mtaa mmoja ukaacha nyumba za ng'ambo ya barabara zikiwa nzima. Kwa miaka mingi sasa, karibu nusu ya wanaokufa huko hufia kwenye nyumba za kuhamishika, zile zinazotengenezwa kiwandani na kuburutwa na lori hadi kiwanjani. Wanaoishi kwenye nyumba hizo ni chini ya mtu mmoja kati ya kumi. Ndani mnaweza kuwa na friji, kapeti na televisheni, lakini nyingi hazikufungwa sawasawa kwenye msingi, kwa hiyo upepo unazibiringisha watu wakiwa humo humo.

Magari nayo yana historia mbaya. Aprili 10, 1979, tonado ilipiga mji wa Wichita Falls, Texas, ikaua zaidi ya watu 40. Zaidi ya nusu yao walikuwa kwenye magari, na baadhi walikuwa wamezikimbia nyumba ambazo baadaye zilikutwa hazijaguswa. Mei 31, 2013, huko El Reno, Oklahoma, watu wote 8 waliouawa na tonado walikuwa kwenye magari. Watatu kati yao walikuwa watu wa kufuatilia dhoruba kwa kazi yao: Tim Samaras, mwanawe Paul, na mwenzao Carl Young. Kama watu wenye vyombo na uzoefu wa miaka walishindwa kuukwepa, sioni dereva wa bajaji wa Uyole angeukwepaje. Hata kujibanza chini ya daraja la barabara, jambo ambalo watu wengi waliliamini kama kinga, kuliua watu Oklahoma Mei 3, 1999. Upepo ukipenya kwenye uwazi mwembamba huongeza kasi, na kila ulichobeba unakipitishia hapo.

Ndiyo maana mwongozo wa Marekani unasema: ingia ndani, shuka chini ya ardhi kama kuna chumba cha chini, na kama hakuna, kaa kwenye chumba kidogo cha katikati kisicho na dirisha. Ukisoma hadi hapo utadhani wa "kaa ndani" wameshinda. Lakini mwongozo huo huo unamwambia mkazi wa nyumba ya kuhamishika kinyume chake: toka mapema, nenda kwenye jengo imara. Kumbe hata huko hakuna amri moja. Amri inafuata nyumba.

Sasa tuangalie kwingine. Aprili 26, 1989, tonado ilipita Daulatpur na Saturia nchini Bangladesh, na inakadiriwa iliua watu wapatao 1,300. Hakuna tonado nyingine inayojulikana kuua watu wengi namna hiyo. Haikuhitaji kuwa na nguvu kuliko zote duniani. Ilipita kwenye makazi yaliyosongamana, nyumba za udongo, nyasi na mabati, mahali ambapo mtu hana chumba cha katikati cha kukimbilia. Hapa kwetu, Machi 2015, mvua ya mawe na upepo vilipiga usiku kijiji cha Mwakata wilayani Kahama, na zaidi ya watu 40 wakafa. Ile haikuwa tonado. Wengi waliangukiwa na kuta za nyumba zao wenyewe wakiwa wamelala. Waliokuwa ndani ndio waliokufa, na mtu wa Mbeya anayesema "toka nje" ana Mwakata kama ushahidi wake. Siwezi kumbeza.

Kuna watakaosema tonado ni habari za Wamarekani, sisi hazituhusu. Kwa sehemu ni kweli, maana Tanzania si nchi ya tonado kubwa. Lakini Afrika hii hii, Desemba 15, 1998, tonado ilipiga mji wa Umtata, siku hizi Mthatha, Afrika Kusini, na kuua watu. Nelson Mandela, rais wakati huo, alikuwa ndani ya duka la dawa, na walinzi wake walimlaza chini wakamfunika kwa miili yao. Zaidi ya hapo, jina la upepo si hoja kubwa. Kipimo cha tonado kinachotumika Marekani, kilichoanzia kwenye kazi ya Tetsuya Fujita wa Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1971, husomwa kwenye uharibifu, na wapimaji hutazama kwanza nyumba ilijengwaje. Ngazi ya chini kabisa inaanzia kwenye upepo wa takriban kilomita 105 kwa saa. Wingu la radi la kawaida, lile linalojikusanya alasiri juu ya milima ya Uporoto au upande wa Chunya, linaweza kumwaga chini upepo wa ghafla wa kasi hiyo bila kuzunguka hata kidogo. Nyumba yenye nondo na zege itatikisika tu. Nyumba ya tofali mbichi zilizounganishwa kwa udongo itapata maafa yale ambayo kwingine yanaletwa na tonado ya haja.

Inafaa kuelewa nyumba inavyokufa, kwa sababu haianzi kwa ukuta kusukumwa. Inaanzia juu. Upepo ukipita juu ya paa lenye mteremko mdogo, unalivuta kwenda juu. Ukiingia pia kwa mlango au dirisha, unalisukuma kutoka chini. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu hiyo inaongezeka mara nne. Paa likishaondoka, ukuta uliokuwa umeshikwa nalo kwa juu unabaki peke yake, na ukuta mrefu usio na lenta, ule mkanda wa zege na nondo unaozifunga kuta kwa juu, hauchukui muda kuanguka. Aliye chini yake hauawi na upepo, anauawa na tofali.

Ukifika mahali paa limeezuliwa, okota bati moja uliangalie. Kama matundu ya misumari yamechanika yakawa marefu, maana yake bati lilikuwa jepesi au misumari ilikuwa michache, na lilijichomoa kwenye kofia za misumari huku papi, zile mbao zinazopigiliwa bati, zikibaki zimetulia kwenye kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa. Lakini kama unakuta bati, papi na kenchi vimeruka pamoja, vimeangukia shamba la mahindi la jirani vikiwa bado vimeshikana, bati halina kosa. Kosa liko kwenye ule ubao unaolala juu ya ukuta. Haukufungwa na kitu chochote; ulikalishwa tu, ukategemea uzito. Mafundi wengi wanalijua hili. Wanajua pia kwamba waya mzito au kipande cha nondo kilichochimbiwa kozi (mistari ya tofali) kadhaa chini na kuzungushwa kwenye ubao huo kinabadilisha kila kitu. Mawe yanayopangwa juu ya mabati, utayaona sana kwenye nyumba ndogo za vijijini, yanasaidia kwenye upepo wa kila siku. Upepo wenyewe hasa ukija, mawe hayo yanashuka ndani pamoja na paa.

Basi twende nje, tukawasikilize waliotoka. Nje kuna bati, na bati likishika kasi ni panga. Kuna radi, ambayo kwenye nyanda hizi si jambo la kusimulia tu. Kuna nguzo na nyaya za umeme zilizolala kwenye majani. Kuna miti: Mufindi, Njombe na sehemu nyingi za Rungwe nyumba zimezungukwa na mikaratusi mirefu, na tawi la mkaratusi halihitaji tonado ili livunjike. Mtu aliyetoka mbio na mtoto mgongoni, akasimama chini ya mti kwa sababu mvua ya mawe inampiga, ameacha hatari moja akaingia kwenye tatu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Aliye kwenye nyumba ya tofali za kuchoma au za bloku, yenye saruji na lenta, abaki ndani, akae koridoni au kwenye stoo ndogo, mbali na madirisha na mbali na ule ukuta wa pembetatu unaobeba paa upande wa nje, ajifunike kichwa kwa godoro. Kufungua madirisha ili "upepo upite", ushauri ambao hata Marekani ulizagaa kwa miaka mingi kabla ya kukataliwa, kunaupa upepo njia ya kuinua paa. Aliye kwenye nyumba ya tofali mbichi au ya miti na udongo atoke, lakini atoke wingu linapotanda, kabla upepo haujafika, aende kwa jirani mwenye nyumba imara. Akichelewa na upepo umeshaanza, asikimbie. Ajibanze chini ya kitanda au meza nzito kwenye kona. Ni chaguo baya, lakini nje wakati huo ni pabaya zaidi.

Ugumu uko kwenye hilo neno "mapema". Mjini Joplin, Missouri, Mei 22, 2011, ving'ora vililia takriban dakika 20 kabla, na bado zaidi ya watu 150 walikufa. Wengi walikuwa wamezoea ving'ora visivyoleta kitu, wakasubiri uthibitisho wa pili. Huku kwetu hakuna king'ora. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa angalizo na tahadhari kwa mikoa, na inafanya vizuri, lakini taarifa inayotaja mkoa mzima wa Mbeya haimwambii mtu wa Igurusi kama ni kwake au ni Kyela, wala kama ni saa tisa au saa kumi na mbili. Wanaotaka fedha ziende kwenye rada na taarifa za haraka wana hoja. Mimi ningeanza na paa, kwa sababu paa lililofungwa halihitaji mtu awe na simu yenye chaji, na linafanya kazi hata usiku familia ikiwa imelala.

Hata hivyo kuna jambo linaloniumiza katika hoja yangu mwenyewe. Ni rahisi kumwambia mkulima wa mpunga wa Usangu "jenga vizuri", naye anapaua kwa awamu, bati chache kila baada ya mavuno, na mfuko wa saruji unashindana na ada na mbolea. Ukimlaumu kwa nyumba yake unamlaumu kwa umaskini wake. Ndiyo maana nasisitiza ile waya ya kufungia ubao kuliko kitu kingine chochote: kati ya yote yanayohitajika kwenye nyumba, hiyo ni miongoni mwa ya bei ndogo. Lakini haionekani nyumba ikishakamilika, na huwa ndiyo ya kwanza kurukwa.

Na kuna majengo yanayodanganya. Wingu likitanda, watu hukimbilia kanisani, ukumbini, au kwenye ghala la mazao kwa sababu ni makubwa. Ukubwa huo ndio tatizo: paa pana lisilo na kuta za katikati, kuta ndefu zisizoshikwa na kitu. Joplin kuta za maduka makubwa ziliwaangukia watu. Darasa nalo liko kwenye kundi hili, na darasani watoto hawana uamuzi. Upepo ukiwakuta humo, mwalimu awashushe chini ya madawati badala ya kuwaachia watimuke uwanjani.

Katika vijiji vingi, jengo lenye vyumba vidogo, saruji ya kutosha na lenta iliyozunguka ni ofisi ya kijiji au zahanati. Serikali ya kijiji inaweza kutangaza kabla ya Novemba kwamba hapo ndipo wakazi wa nyumba za udongo waende, pamoja na nyumba za watu watakaokubali kuwapokea. Zahanati huenda ikawa na mlinzi. Ofisi ya kijiji hufungwa jioni na mtendaji huondoka na ufunguo, wakati upepo huu huja alasiri, jioni na usiku. Kila kitongoji kingejua nani mwingine anashika ufunguo huo na anakaa wapi, kazi hiyo isingehitaji hata shilingi moja ya bajeti.