Holden aliumia kabla ya kufika New York

Mvua ikinyesha, mkono wa Holden Caulfield humuuma, na hawezi tena kukunja ngumi ikakaza. Anayataja hayo harakaharaka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba yenye msiba asitake kuingia, na msomaji mwenye pupa huyaruka. Mimi niliyaruka. Mara ya kwanza nilipoisoma The Catcher in the Rye, riwaya ya J.D. Salinger iliyotoka mwaka 1951, nilimaliza nikiwa na hasira. Kijana wa miaka 16, mtoto wa wenye pesa, kafukuzwa shule kwa kufeli masomo manne kati ya matano, sasa anazurura New York siku chache kabla ya Krismasi na kila anayemwona anamwita mnafiki. Nikasema moyoni, huyu kakosa viboko.

Nilimwonea, na bado nawasikia wengi wakimwonea vilevile. Wanaokipenda kitabu husema ni hadithi ya kijana anayepoteza utoto wake mjini, kwenye hoteli za ovyo, pombe, makahaba na makuwadi. Wanaokichukia wanasema hayohayo kwa ukali zaidi, na kuna shule Marekani zilizokitoa madarasani. Wote wamelikodolea macho jiji. Ila jiji halikumnyang'anya Holden kitu. Alishuka pale akiwa ameshanyang'anywa.

Alikuwa na mdogo wake, Allie, aliyekufa kwa saratani ya damu Julai 1946. Allie alikuwa na miaka 11, Holden 13. Usiku ule Holden alilala gereji na kuvunja madirisha yote kwa ngumi, bila sababu nyingine yoyote, mwenyewe anasema. Alitaka kuvunja na vioo vya gari, lakini mkono ulikuwa umeshavunjika. Wazazi wakafikiria kumpeleka kwa daktari wa akili. Na kwa kuwa alikuwa bado hospitali na mkono wake, hakumzika ndugu yake.

Hakumzika. Anayesoma kwa Kiswahili hahitaji kuelezwa uzito wa neno hilo. Kumzika mtu ni haki yake marehemu, na pia ndiyo njia ya aliyebaki kuamini kilichotokea. Unatupia udongo kwa mkono wako, unalala kwenye jamvi na wenzako, unapewa pole na watu usiowajua mpaka pole inaanza kuingia. Holden alichopata ni masimulizi ya kaka yake mkubwa, kwamba shangazi mmoja alisimama pale akirudia kusema jinsi Allie alivyoonekana ametulia.

Nililielewa hilo nilipoirudia riwaya miaka mingi baadaye, kwa sababu nami nilikuwa na langu. Kaka yangu alifariki nikiwa darasa la sita. Sisi watoto tulipelekwa nyumba ya jirani, tukapewa chai na maandazi, mlango ukafungwa. Tukasikia kilio kikipanda, tukajua ndiyo anatolewa. Niliporudi shuleni mwalimu alinishika bega akaniambia nijikaze, mimi mwanaume. Nikajikaza. Muhula ule nilishika mkia, nikapigana mara mbili, na kwenye ripoti iliyokwenda nyumbani wakaandika kwamba nina utovu wa nidhamu. Hakuna aliyeandika kwamba nimefiwa.

Ndiyo maana ukurasa wa glavu unanishika koo kila ninapoufikia. Stradlater, anayelala naye chumba kimoja bwenini, anamwomba amwandikie insha ya kueleza chumba au nyumba. Holden anaandika juu ya glavu ya besiboli ya Allie. Allie alikuwa anatumia mkono wa kushoto, na glavu yake ilikuwa imejaa mashairi aliyoyaandika kwa wino wa kijani, vidoleni na kila mahali, apate cha kusoma mchezo ukipoa. Glavu hiyo Holden anayo ndani ya begi lake, hapohapo shuleni. Stradlater anaisoma insha na kukasirika kwamba hakuandika alichoagizwa. Holden anaichukua na kuichana. Kijana amefungua mdomo kuhusu ndugu yake, akajibiwa kwamba yuko nje ya mada.

Baada ya hapo New York inasomeka vingine. Anawauliza madereva wa teksi bata wa Central Park, bustani kubwa ya jiji, wanakwenda wapi ziwa likiganda, mmoja anadhani anataniwa, mwingine anafoka. Mabaa nayapita, hayana jipya. Ila chumba cha hoteli sikipiti. Mwendesha lifti anamletea msichana wa rika lake, anayeuza mwili. Msichana anavua gauni lake la kijani, na Holden analitundika kabatini lisijikunje. Akiwa amelishika anaanza kumfikiria akiingia dukani kulinunua, na muuzaji asijue anayemhudumia ni nani, akidhani ni msichana kama wengine. Huzuni inamjaa, hamgusi, anamlipa tu. Msichana akishaondoka, Holden anakaa peke yake na kuanza kuzungumza na Allie kwa sauti, anamwambia akachukue baiskeli yake wakutane. Siku moja alimkatalia kwenda naye kwa sababu alikuwa mdogo mno. Sasa anamruhusu.

Ukimwita huyo kijana aliyeharibiwa na mji, sijui tumesoma kitabu kimoja.

Anayemjua ni Phoebe, dada yake wa miaka 10. Anamtaka ataje kitu kimoja tu anachokipenda duniani. Holden anamtaja Allie. Phoebe anasema Allie amekufa. Holden anakasirika: anajua amekufa, lakini mtu akifa ndiyo mtu aache kumpenda?

Kuna kisa kingine anamsimulia msomaji, cha makaburini. Mara mbili alipokwenda na wazazi wake kumtembelea Allie mvua ilinyesha, na wageni wote wakakimbilia magarini, wakawashe redio, kisha waende zao kula. Wote isipokuwa Allie. Hilo ndilo lililomtia wazimu, kwamba waliweza kukimbia wakamwacha peke yake kwenye mvua.

Mwishoni Phoebe anapanda farasi wa mbao wanaozunguka, pale bustanini, na mvua inashuka kama imemwagwa. Akina mama, akina baba, kila mtu anakimbilia chini ya paa. Holden habanduki kwenye benchi. Ana kofia yake nyekundu ya wawindaji, ambayo Phoebe amemrudishia kichwani kwa mkono wake, na maji yanamtiririka shingoni. Phoebe anazunguka na koti lake la buluu, anapita, anapita tena. Holden analowa chapa, karibu alie kwa furaha, na safari hii hasemi lolote juu ya mkono.