Msiba usio na mazishi

Aliyefiwa hupewa pole, hupewa ruhusa kazini, na akikosea watu humvumilia. Aliyeachishwa kazi, aliyeachika au anayemuuguza mzazi mwenye maradhi ya kusahau huambiwa ajikaze. Je, naye ana haki ya kuomboleza?

Wapo wanaokataa, na hoja yao ina uzito. Kazi hutafutwa nyingine, maiti harudi. Tukililia kila pigo kwa kiasi kilekile, tunamkosea aliyemzika mwanawe. Tena wanahofia huzuni ya kawaida kugeuzwa ugonjwa. Hata Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, lilipoingiza huzuni isiyoisha, lile tatizo linalozidi miezi sita na kumvurugia mtu maisha, liliifunga kwa waliofiwa tu.

Kwa tiba, mpaka huo naukubali. Kwa utu, siukubali hata kidogo.

Mtafiti wa Marekani, Pauline Boss, alianza miaka ya 1970 kuchunguza familia za wanajeshi waliopotelea vitani Vietnam. Hakukuwa na mwili wa kuzika wala habari ya kushika. Baadaye akaiona hali hiyohiyo kwa jamaa za wagonjwa wa kusahau. Mtazame binti anayemlisha mama yake uji. Mama anamuuliza, "Wewe mtoto wa nani?" Anajibu. Kijiko cha tatu, anaulizwa tena. Hawezi kulia kama yatima, maana mama yupo na anakula. Wala hawezi kumweleza mama huyo shida zake kama zamani. Na huyu ndiye tunayemwambia ashukuru!

Kupoteza fedha ni jambo jepesi zaidi, ingawa nalo huuma. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha mwaka 1979 kwamba kupoteza kiasi fulani huumiza kuliko kukipata kunavyofurahisha. Lakini aliyeachishwa kazi hapotezi mshahara peke yake. Anaamka alfajiri ileile, anaoga, anavaa, kisha hana pa kwenda wala anayemngoja. Ukimpa mkopo umemsaidia kodi ya nyumba. Siku yake bado ni tupu.

Kwa hiyo wanaokataa wako sahihi kwamba misiba hailingani. Wanapokosea ni kudhani pole ya huyu inapunguza ya yule. Mfiwa anahitaji watu wa kukaa naye, na yule binti anahitaji mtu wa kumpokea kijiko, amsikilize bila kumkumbusha kwamba mama bado yu hai.